Ahadi Aliyoitoa Bibi Yako Mbele ya Wageni

Koku mwanangu,

Umeondoka kwenda Kashai kusuka nywele, na wewe ukisema unakwenda kusuka najua hatukuoni mpaka jioni. Mama yako yuko sebuleni analifungua begi lako kwa mara nyingine tena, anatoa, anarudisha, anasema peke yake. Mimi nimejifungia chumbani kama mwanafunzi anayeficha kitu, naandika. Ningekuambia kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza kusema, ukanitazama kwa hayo macho uliyoyarithi kwa mama yako, nitaishia kukuuliza kama umeshachaji simu.

Habari za chakula, za vumbi la Dodoma, za kutomwachia mtu usiyemjua mzigo wako, zote namwachia mama yako. Anazo za kutosha, na utazisikia mpaka mlango wa basi ufungwe. Mimi nina jambo moja tu. Linahusu jana, na tangu jana halinipi raha.

Jana pale Muleba kila kitu kilikwenda vizuri mno. Tulikwenda ukaagwe na bibi yako, tukakuta kajaza uwanja. Majirani, katekista, akina mama wa jumuiya, ndizi za nyama, rubisi yetu ya ndizi mbivu, viti vya kuazima. Zikaanza zawadi za safari. Huyu kitenge, yule kuku. Halafu yule mzee jirani akasimama na kusema anakutunza mbuzi, na watu wakashangilia. Wewe ulikuwa unacheka na wenzako, hukumwona bibi yako. Mimi nilimwona. Uso ulimbadilika. Mama yangu namjua, na sisi Wahaya tunajuana: jirani hawezi kumtunza mjukuu wangu mbuzi katika uwanja wangu nikabaki nimekaa.

Akasimama, ameishika meza. Akasema, "Mjukuu wangu anakwenda kuwa mkubwa kwenye chuo. Kazi yake ni kuwaomba watu waandike kwenye wosia kwamba wakifa, mali yao isomeshe watoto wasio na uwezo. Basi atakayeanza kumpa ni mimi. Kibanja hiki, shamba lote na migomba yake, na nyumba hii, siku nikiondoka, ni vya chuo cha Koku."

Vigelegele vile sijavisikia tangu harusi yangu. Ulilia, ukamkumbatia. Ulikuwa umemrekodi kwa simu, na kabla hatujafika Bukoba video ilikuwa kwenye kundi la familia, watu wanatuma makopa. Ndani ya gari ukaniambia, "Taata, umeona? Sijafika hata ofisini, tayari nina ahadi ya kwanza! Nitawaonyesha kwamba nimeanzia nyumbani." Nikasema, "Hongera, mama." Nikageuka kutazama dirishani kama vile sijawahi kuona migomba.

Koku, naogopa. Sitakuzungusha. Naogopa kwamba kesho utaondoka na ahadi ile, Jumatatu utaiweka mezani kwa wakubwa zako, nao wataipokea kwa mikono miwili. Na hakuna atakayesema umekosea. Kile kibanja si cha ukoo. Hakina kaburi hata moja, wazee wa ukoo hawana neno nacho, bibi yako alikinunua mwenyewe kwa kahawa yake, tena wakati ambao wanawake wengi walikuwa hawanunui. Ni mali yake. Akili zake zimetimia kuliko zangu. Mwanasheria wenu atasoma, atafurahi, atagonga muhuri.

Lakini hebu nikuulize, na usikimbilie kunijibu. Bibi yako alipokuwa anasema yale, shangazi yako Leokadia alikuwa wapi?

Nina hakika hukumbuki. Hakuna mtu pale anayekumbuka. Alikuwa mlangoni, ametoka jikoni na sinia la ndizi. Alisikia neno lote. Makofi yalipopigwa alisimama pale pale na sinia lake, halafu akaliweka chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akapiga makofi na yeye. Kisha akaliinua sinia akaanza kuwapakulia wageni. Alipofika kwangu aliniwekea vipande vinono, kama siku zote. Sikuweza kumtazama.

Yule dada yangu aliporudi kutoka Karagwe kwa mumewe, wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unaogopa kovu lake la mkono. Tangu hapo analala katika nyumba ile. Yeye ndiye anayepalilia, anayetandaza nyasi kwenye migomba, anayebeba samadi, anayemwogesha bibi yako na kumgeuza kitandani malaria ikimshika. Mimi huwa naenda Jumapili na sukari na sabuni, nikipokelewa kama askofu. Hana kwingine, Koku. Hana mtoto wa kumwita aende kwake. Ana ile nyumba, na jana tumeipigia makofi ikitoka.

Sasa utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nitakujibu, lakini inabidi nianzie mbali kidogo, kwenye kazi yangu. Unaijua kwa juu juu. Unajua nilikuwa na ofisi, unajua ile picha ya sebuleni. Ukiwa shule ulijivuna kwamba baba yako ndiye aliyekijengea chuo kumbi. Na leo unakwenda kuifanya kazi ile ile, na kila mtu ananipongeza kwamba mtoto amefuata nyayo. Hicho ndicho kinachonikosesha raha. Nyayo nyingine ningependa uziruke.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia tu. Mkuu wa chuo wakati huo alitoka safari ya ng'ambo na habari mpya, kwamba vyuo vya wenzetu vinaishi kwa wosia za watu. Mtu anaandika akiwa mzima, akifa chuo kinapata shamba, nyumba, sehemu ya mafao yake. Akasema na sisi tuanze, na atakayeongoza ni mwalimu huyu kwa sababu wazee wanampenda. Nilifurahi kama mjinga. Mtu wa kwanza kumwendea alikuwa babu yako, baba wa mama yako. Nilimaliza maelezo yangu yote mazuri, akanitazama, akaniuliza, "Kwani umeniona nimekonda?" Akamwita mama yako aje amchukue mumewe.

Mwaka ule wote ulikuwa hivyo. Hapa Hamugembe wakanipachika jina, Bwana Wosia. Jirani akiugua nikienda kumjulia hali, watu wananyamaza. Kuna mama mmoja hakusubiri hata nimsalimie, alinikuta mlangoni akasema kwa adabu zote, "Bado hajafika huko, waitu. Rudi." Nilikuwa nimemletea mgonjwa machungwa tu! Nakusimulia ucheke, maana yatakupata na wewe, na Dodoma hawatakuwa na huruma kwa sababu wewe ni binti mdogo na unakuja kuwazungumzia kifo chao.

Taratibu nilijifunza kukaa. Kutafuna buni za kahawa nilizokaribishwa, kuuliza mti huu kapanda nani, kuondoka bila kulitaja jambo lililonileta, na kurudi tena. Miaka ikapita, ahadi zikaanza kuja. Na hapo, mama, ndipo ubaya ulipoanza, si kwenye ile miaka ya kufukuzwa. Uwe macho na miaka itakayokunyookea.

Unamkumbuka Bwana Jivan, yule mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa anakupa vifungo uchezee? Wenzake wengi walikuwa wameshahama, wamebaki Wahindi wa kuhesabika mjini, na yeye alikuwa amebaki na binti yake na chai yake ya tangawizi. Siku moja ananipimia kitambaa cha suruali akasema, hivi hivi tu, kwamba jengo lake angependa liwe la chuo. Niliruka juu. Nikampelekea Mkuu habari. Kuanzia siku hiyo kila Jumatatu kwenye kikao Mkuu ananiuliza, "Bwana Jivan anaendeleaje?" Nikawa nasema moyoni, ona mtu mwenye upendo. Mpaka Jumatatu moja nikamjibu, "Alikuwa anaumwa kifua, lakini amepata nafuu." Nikaona uso wake ulivyoshuka. Na si uso wake tu. Nilitoka pale nikaisikia tena sauti yangu mwenyewe ilivyokuwa nilipotamka neno nafuu. Nililitamka kama mtu anayeleta habari mbaya.

Hiyo kazi ndiyo unayokwenda kuifanya. Ni kazi inayoweza kukufanya ukae unasubiri watu wafe, huku unawapelekea machungwa, na hutajijua.

Basi Bwana Jivan akabadili mawazo. Akaniambia jengo ameliandika kwa binti yake, kwa sababu binti amekataa kwenda Uingereza kwa kaka zake, amechagua kubaki naye. Nilikasirika, Koku! Nilikaa mbele ya chai yake nimevimba, nikamwambia, "Lakini bwana mkubwa, uliahidi." Akacheka kidogo tu, akasema, "Mwalimu, mimi bado mzima. Mtu mzima si anaruhusiwa kubadilisha?" Akaniongezea maziwa.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo, ningejifunza. Mimi nikajifunza kinyume. Nilirudi nyumbani nikajiambia, kosa langu ni kwamba nilimwacha aahidi kimya kimya, juu ya meza ya duka, hakuna aliyesikia. Wajao lazima waseme mbele ya watu. Hasa Mhaya. Mhaya akishashika kipaza sauti akapigiwa makofi, hata kama neno lile linamchoma usiku, asubuhi atalivaa na koti atoke nalo. Nililijua hilo kwa sababu na mimi ndivyo nilivyo. Nikaligeuza kuwa njia ya kufanyia kazi, na wakubwa wakanisifu.

Hapo ndipo anapoingia Mzee Laurenti, yule wa kwenye picha yetu ya sebuleni. Alikuwa mtu wa Muleba, mkulima wa kahawa, mgane. Kibanja chake alikinunua mwenyewe, kama bibi yako. Wanawe wa kiume walikuwa Dar na Mwanza, wanakuja Krismasi na wajukuu na kurudi. Nyumbani alikuwa na binti yake Jeneroza. Mzee akaninong'oneza kwamba anafikiria kukiachia chuo kibanja, lakini bado anatafakari. Nikamwambia, "Mzee, njoo mahafali utafakarie huko." Nilijiona mjanja sana. Nikampelekea kanzu na koti kwa dobi vikanyooshwe, nikamkalisha safu ya mbele, Mkuu akamwita, akapewa kipaza sauti. Alipomaliza kusema uwanja mzima ulisimama. Ile picha ni ya dakika ile. Mtazame vizuri leo ukirudi. Wote tunacheka, lakini yeye anamtafuta mtu kwa macho.

Haukupita muda mrefu akaniita kwake. Nilidhani ana ahadi nyingine! Nikakaribishwa kahawa ya kutafuna, tukaongea habari za mvua. Halafu akasema tutembee. Akanipitisha kibanjani polepole na fimbo yake. "Mbuni huu kapanda Jeneroza." Tunasogea. "Migomba ile ilikuwa imekufa, Jeneroza ndiye aliyeifufua." Tunasogea. Akanionyesha jiko jipya alilojijengea binti, ameliezeka mwenyewe. Akasimama, akauliza, akitazama pembeni, "Hivi, mwalimu, zile karatasi zangu za wosia mnaziweka wapi?"

Nikamwambia, "Kwenye kabati la chuma, mzee. Ziko salama kabisa."

Akasema, "Ziko salama." Akaitikia kwa kichwa.

Nilimwelewa, mwanangu. Kuanzia mbuni wa kwanza nilikuwa nimeshamwelewa. Mzee mzima, aliyeshangiliwa na uwanja, alikuwa ananiomba nimfungulie mlango bila yeye kugonga. Ningemwambia tu, mzee, wosia ni wako, ukitaka kubadilisha nitazileta hizo karatasi kesho na hakuna atakayejua. Maneno hayo yalinifika hapa kooni. Nikafikiria ripoti, nikamfikiria Mkuu, nikaifikiria ile picha ambayo nilikuwa nimeshaiwekea fremu. Nikasema, "Mzee, migomba yako inapendeza." Alinisindikiza mpaka barabarani, amenishika mkono njia nzima kama tunavyomsindikiza mgeni wa heshima, na pale barabarani hakuuachia upesi.

Alipofariki tulikwenda msibani na basi zima la chuo. Wanawe hawakuleta ugomvi, walifurahi jina la baba kuwekwa kwenye ukumbi. Umesomea humo. Jeneroza hakuna aliyemuuliza neno. Baada ya matanga alifunga vitu vyake akaenda kupanga chumba huko Kashai. Chuo kikaweka mlinzi kibanjani, na mlinzi anajua kulinda, hajui migomba. Mgomba unataka mtu anayelala karibu nao. Sasa hivi pale ni magugu, ukipita huwezi kujua paliwahi kuwa na watu.

Nikikutana na Jeneroza njiani anapiga goti kidogo, anasema, "Shikamoo mwalimu, watoto hawajambo?" Anakuulizia wewe kwa jina. Ningepata unafuu kama angenitukana. Ukiona baba yako akienda sokoni anazungukia njia ndefu, siyo kwamba anafanya mazoezi kama anavyomdanganya mama yako.

Mama, usinielewe vibaya, kazi hii si mbaya. Ingekuwa mbaya ningekufungia ndani. Kuna yule nesi mstaafu wa mtaa wa Bakoba aliyetuachia nyumba yake. Huyo nilimwendea baada ya Mzee Laurenti, wakati huo nimeshaanza kuogopa kivuli changu, nikamwambia sitaki kusikia ahadi yoyote mpaka niwaone wote wanaolala ndani ya nyumba ile wamekaa hapa. Akashangaa. Wakaja watoto wake, akaja mpwa wake aliyekuwa analala chumba cha uani na kupika, akaitwa atoke jikoni akae. Waligombana mchana mzima! Nilitukanwa na kijana wake mkubwa mpaka nikatafuta viatu vyangu. Lakini mwisho walikubaliana wenyewe, mpwa akaandikiwa sehemu yake ya uani, nyingine ikaja chuoni, na mpaka leo wanakuja kwenye mahafali wote, wamependeza, wanawatafuta wasichana wanaosomeshwa na nyumba ya mama yao ili wapige nao picha. Baada ya hapo nilifanya kazi hivyo hivyo mpaka nilipostaafu. Sianzi maneno mpaka anayepika ameacha kupika. Ahadi zilipungua, Mkuu alinuna, na mimi nilianza kulala usingizi.

Haya ndiyo niliyotakiwa kuyasema jana, pale pale, kabla makofi hayajaisha. Badala yake nilipiga makofi. Unataka kujua kwa nini? Kwanza nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, mbuzi wa jirani alikuwa amepitwa, na huyo aliyempita ni mama yangu. Sifa ni ugonjwa wetu na mimi sijapona. Pili, niliona aibu kumrekebisha mama yangu mbele ya wageni wake. Na tatu, ambalo ni gumu zaidi: mimi ni mtoto wake wa kiume. Nikifungua mdomo kukitetea kile kibanja, nani ataamini namtetea Leokadia? Watasema Bwana Wosia, aliyekuwa anachukua vibanja vya watu, leo kimeguswa cha kwao amekumbuka urithi. Bibi yako mwenyewe atasema hivyo, tena kwa sauti. Na wewe, mwanangu, moyoni ungesema baba anaona wivu kwamba nimeanza vizuri kuliko yeye.

Wala bibi yako mwenyewe hawezi kulirudisha neno lake. Amesema mbele ya katekista, mbele ya jirani mwenye mbuzi. Na ipo video. Hata kama leo ameamka na mashaka, na namjua mama yangu, ameamka nayo, atayameza. Atakufa nayo kama Mzee Laurenti alivyokufa na ya kwake. Anayeweza kumfungulia ni yule aliyepewa tu. Ni wewe, Koku, peke yako. Ukimwambia bibi, zawadi yako nimeipokea, imenitosha kuisikia, sasa tukae na shangazi tuzungumze upya, hapo hana aibu. Utakuwa umemheshimu mbele ya watu wale wale. Pengine watakubaliana chuo kipate kipande cha kahawa na nyumba ibaki kwa Leokadia. Pengine chuo kisipate kitu, uende ofisini mikono mitupu, wakutazame kwa jicho la pembeni wiki yako ya kwanza. Sijui. Siwezi kukuahidi kwamba hutaumia.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapa, nikutakie safari njema, nikuachie ufikirie njiani. Lakini kuna jambo la leo, nalo limenifanya niandike badala ya kusubiri ufike Dodoma nikupigie.

Ulipotoka tu kwenda Kashai, shangazi yako alipiga simu. Nilishtuka, nikajua bibi ameanguka. Hapana, wote wazima. Akakuulizia, akasema Mungu akutangulie, akasema amekufungia senene wa kukaanga na nimwelekeze mtu wa kuwaleta. Akanisifu kwa sherehe. Kisha akasema, taratibu, ili bibi yako asisikie, "Kaka, nikuulize, wewe unaijua hii kazi. Siku hiyo ikifika, hao watu wa chuo cha Koku wataniruhusu nivune maharage yangu kwanza?"

Nikamwambia simsikii vizuri, mtandao unakatika. Nikakata simu. Nilikuwa nimemsikia vizuri kabisa.

Ona sasa mtu aliyekulea, kwa umri huu, baada ya yote niliyokuandikia hapa. Nimekaa kitandani na simu mkononi, nimeshindwa kumpigia tena, kwa sababu chochote nitakachomjibu si changu kumpa.

Basi la kesho linapita Muleba asubuhi bado mapema, na magari ya kwenda mbele hayakosekani siku inayofuata. Ukifika ofisini umechelewa siku moja hawatakufukuza, na wakikusema, nisingizie mimi, sema baba aliugua. Si uongo mkubwa. Lakini sitakuamrisha ushuke. Wewe ni mtu mzima, kazi ni yako, na bibi alikupa wewe, hakunipa mimi. Ukipita moja kwa moja nitakupungia mkono, nami nitakupenda vile vile, na nitaendelea kuzungukia njia ndefu, safari hii nikienda kwa mama yangu.

Barua hii nitakupa ukirudi, uisome usiku huu kabla hujalala. Asubuhi sitakuuliza umeamua nini, wala usinieleze mbele ya mama yako. Nitakubebea begi mpaka kwenye basi. Konda akiuliza mzigo huu unashukia wapi, nitakuwa nimesimama nyuma yako, nasikiliza.

Baba yako